Sotoka Ilivyofukuzwa Duniani

Na yale ambayo mkulima wa skimu anaweza kujifunza

Ndugu mkulima, ukienda zizini asubuhi ukamkuta ng'ombe wako wa maziwa ameinamisha kichwa, hataki nyasi, na machozi yanamtiririka, utafikiri habari ya ndigana, au utasema amekula kitu kibaya. Hutafikiri sotoka. Vijana wengi wa siku hizi hawajapata hata kulisikia jina hilo. Lakini babu zetu walipoona machozi ya namna hiyo katika jicho la ng'ombe, walijua kwamba baada ya majuma mawili huenda boma zima likawa halina mnyama.

Sotoka haipo tena. Haipo Kenya, haipo Afrika, haipo katika nchi yoyote ya dunia. Tarehe 28 Juni 2011, katika mkutano wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mjini Roma, ilitangazwa kwamba ugonjwa huu umekomeshwa kabisa. Kabla ya hapo ni ugonjwa mmoja tu uliokuwa umekwisha kufukuzwa duniani kwa kazi ya binadamu, nao ni ndui, mwaka wa 1980.

Jambo hili halikutokea kwa bahati. Lilichukua zaidi ya miaka mia moja, na sehemu kubwa ya kazi ilifanyika hapa kwetu. Inafaa kila mwenye ng'ombe ajue lilivyofanyika, kwa sababu magonjwa mengine yangali yapo, na njia ya kuyashinda ni ile ile.

UGONJWA WENYEWE

Sotoka ililetwa na kirusi, yaani kijidudu kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Kirusi hicho ni ndugu wa kile kiletacho surua kwa watoto. Ng'ombe aliyeambukizwa alipata homa kali, kisha macho na pua vikatoa maji, vidonda vikatokea mdomoni, halafu akaanza kuhara sana mpaka akaishiwa na nguvu. Wengi walikufa katika muda wa siku sita hadi kumi na mbili baada ya kuanza kuugua. Ugonjwa ulipita kutoka mnyama hadi mnyama kwa pumzi, kwa mate na kwa mavi, wanyama walipokaribiana malishoni, kisimani au sokoni.

Hata hivyo, ugonjwa huu ulikuwa na udhaifu. Kirusi chake hakikuweza kuishi siku nyingi nje ya mwili wa mnyama. Na ng'ombe aliyepona hakuugua tena maisha yake yote, wala hakuendelea kuwaambukiza wenzake. Kwa hivyo ugonjwa ulihitaji kupata mnyama mpya kila mara. Usipompata, ulikufa wenyewe. Kumbuka jambo hili, maana ndilo lililoleta ushindi.

MIAKA NG'OMBE WALIPOKWISHA

Sotoka ilikuwa ikisumbua Asia na Ulaya kwa karne nyingi. Huku kwetu iliingia kwa kupitia Massawa, katika pwani ya Eritrea, mnamo mwaka wa 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli kwa ajili ya jeshi la Italia. Ng'ombe wa Afrika walikuwa hawajapata kuuona ugonjwa huu, na miili yao haikuwa na kinga. Ukapita Ethiopia, ukashuka hadi Umasaini kufika mwaka wa 1891, ukavuka mto Zambezi mwaka wa 1896, na mwaka uliofuata ukawa umefika Rasi, mwisho wa Afrika ya Kusini. Mahali pengi walikufa ng'ombe themanini au tisini katika kila mia. Nyati nao walikufa, na twiga na tandala.

Wewe mwenye ng'ombe watatu unajua maana yake kupoteza mmoja. Fikiri basi juu ya watu ambao chakula chao, mahari yao na heshima yao vyote vilikuwa ng'ombe. Kule Ethiopia njaa iliyofuata iliwaua watu wengi mno, maana hapakubaki maksai wa kulima. Mwaka wa 1892 msafiri wa Austria, Oscar Baumann, alipofika Ngorongoro alikuta Wamasai waliokuwa mifupa mitupu, wakiomba chochote cha kula. Ndui nayo ikawashika watu wale wale walionyong'onyea kwa njaa.

Tena kuna jambo jingine linalowahusu wakulima wa skimu hasa. Watawala wa Kiingereza walipoitazama nchi hii mwanzoni mwa miaka ya 1900, waliona malisho makubwa yasiyo na ng'ombe, wakadhani hayana wenyewe. Kwa mikataba ya mwaka wa 1904 na 1911 Wamasai waliondolewa katika Bonde la Ufa na kisha Laikipia, na ardhi ikapewa walowezi. Sotoka haikuandika mikataba ile, lakini ilikuwa imewadhoofisha waliotiwa mbele ya karatasi. Sehemu ya mashamba yaliyogawanywa kwa skimu tangu mwaka wa 1962 yamo katika nchi hizo. Ugonjwa wa ng'ombe unaweza kuibadili nchi kwa miaka mingi kuliko vita.

KARANTINI NA SINDANO ZA KWANZA

Njia ya kwanza iliyojulikana ni kuwazuia ng'ombe wasitembee. Hata mjini Roma, miaka 300 iliyopita, daktari wa Papa, Giovanni Lancisi, alishauri kwamba wanyama wagonjwa wauawe na kufukiwa, na njia zifungwe. Shule ya kwanza ya waganga wa mifugo ya Ulaya ilifunguliwa Lyon, Ufaransa, mwaka wa 1762, kwa ajili ya ugonjwa huu hasa.

Huku Kenya serikali ya kikoloni iliweka karantini na kujenga maabara ya mifugo Kabete. Sindano ya kwanza ilikuwa ya hatari. Ng'ombe alidungwa damu yenye ugonjwa upande mmoja, na upande wa pili akadungwa maji ya damu ya ng'ombe aliyekwisha kupona, ili vishindane mwilini. Wengi walipata kinga, lakini wengine walikufa, na wengine walipata magonjwa mengine yaliyokuwamo katika damu ile. Mtu aliyeleta mnyama mzima akarudi nyumbani na mgonjwa hakuweza kuambiwa kwa maneno tu kwamba sindano ni nzuri.

Karantini nayo ilikuwa na ubaya wake. Baadhi ya sehemu za Waafrika, Umasaini hasa, zilifungwa kwa miaka mingi mfululizo. Ng'ombe wao hawakuweza kuuzwa mahali pazuri, huku walowezi wakiuza wao bila kushindana na mtu. Watu wakaona kwamba karantini ni kamba ya kumfunga mnyonge. Wakaanza kupitisha ng'ombe usiku, na ugonjwa ukapita pamoja nao. Hapo tunajifunza kwamba amri isiyo ya haki haizuii ugonjwa, kwa sababu wanaotakiwa kuitii ndio wanaojua njia za porini.

DAWA YA MUGUGA

Katika miaka ya 1940 wataalamu wa Kabete walipata chanjo bora zaidi. Walikipitisha kirusi katika miili ya mbuzi mara nyingi mpaka kikapungua ukali. Chanjo hiyo ya mbuzi iliokoa ng'ombe wengi wa kienyeji, lakini ilikuwa kali mno kwa ng'ombe wa gredi. Ng'ombe wa Ulaya akichanjwa aliweza kuugua sana, hata kufa. Mkulima mdogo mwenye ng'ombe wa gredi aliyenunuliwa kwa mkopo asingeweza kuitegemea dawa ya namna hiyo.

Ndipo palipofanyika kazi kubwa huko Muguga, karibu na Nairobi, katika kituo cha utafiti wa mifugo cha Afrika Mashariki. Mtaalamu Walter Plowright na wenzake walichukua kirusi kilichotoka kwa ng'ombe wa Kabete, wakakikuza ndani ya chupa, katika chembe hai za figo la ndama. Wakakihamisha kutoka chupa hadi chupa, mara tisini. Kila kilipohamishwa kilizidi kuzoea maisha ya chupa na kusahau namna ya kumwua ng'ombe. Mwishoni kikawa kinaupa mwili mafunzo bila kuudhuru. Kufika mwaka wa 1962 chanjo ilikuwa tayari.

Chanjo hiyo ilifaa kwa ng'ombe wa kila aina, wa gredi na wa kienyeji, wakubwa kwa ndama, hata wenye mimba. Sindano moja ilitosha kwa maisha yote. Tena ilikuwa rahisi kutengeneza. Mwaka wa 1999 Plowright alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi hiyo iliyofanyika Muguga.

KOSA LA KUACHA KAZI NJIANI

Mwaka wa 1962 nchi za Afrika zilianza kampeni ya pamoja, kwa sababu sotoka haikujua mpaka wa nchi. Nchi 22 zilishiriki mpaka mwaka wa 1976. Wachanjaji walikwenda kwa lori, kwa punda na kwa miguu. Ng'ombe walikusanywa kwa maelfu, wakapitishwa mmoja mmoja na kuchanjwa. Ugonjwa ukapungua mpaka ukabaki katika sehemu chache tu za mbali.

Hapo likafanyika kosa. Serikali nyingi zilisema, "Sotoka imekwisha," na fedha zikapelekwa kwenye kazi nyingine. Wachanjaji walirudi makwao. Ndama waliozaliwa baadaye hawakuchanjwa, na baada ya miaka michache nchi zilikuwa zimejaa wanyama wasio na kinga, kama miaka ya 1880. Ugonjwa uliokuwa umejificha ukatoka tena katika miaka ya 1980, ukaenea Afrika ya Magharibi na ya Mashariki, ukaua ng'ombe kwa mamia ya maelfu.

Mkulima anayelifahamu shamba anaelewa kosa hili. Ukipalilia mahindi mpaka nusu ya shamba ukaenda zako, magugu ya nusu iliyobaki hayatakaa mahali pake. Mwaka wa 1986 ikabidi kampeni mpya ianzishwe, na wote wakapatana kwamba safari hii hawatasimama mpaka mwisho.

WAFUGAJI WENYEWE WANASHIKA SINDANO

Palikuwa na tatizo moja bado. Chanjo ya Muguga ilitaka barafu. Ikipata joto iliharibika. Sotoka nayo ilikuwa imekimbilia mahali pasipo na barabara wala barafu, kama vile Sudan ya Kusini, nchi ya Afar huko Ethiopia, na Karamoja, ambako pia palikuwa na vita na wizi wa mifugo. Gari la serikali halikuweza kufika, au likifika watu walikimbia.

Mtaalamu wa Marekani, Jeffrey Mariner, alitafuta njia ya kuikausha chanjo ile ile ili iweze kukaa karibu mwezi mzima bila barafu. Kisha likafanywa jambo ambalo baadhi ya wakubwa hawakulipenda hapo mwanzo: wafugaji wenyewe walichagua watu wao, hata wasiojua kusoma, wakafundishwa kuchanja. Mtu huyo alitembea na ng'ombe wa jamaa zake, alijua malisho yao, na alipowaambia wenzake kwamba sindano haiui, alikuwa amewachanja wake kwanza. Sehemu ambazo serikali ilishindwa kuzifikia kwa miaka thelathini zikasafishwa katika muda mfupi.

Wataalamu walijifunza pia kuuliza. Walikaa na wazee chini ya mti, wakawauliza magonjwa wanayoyajua, majina yake na dalili zake. Mzee wa Kisomali au wa Kikaramoja aliweza kusema ni mwaka gani ugonjwa wa machozi na kuhara ulipita na ulitokea upande gani. Habari hizo ziliwaonyesha madaktari mahali pa kwenda kupima damu.

NYATI WA MERU

Vita vya mwisho vilikuwa hapa Kenya. Kati ya mwaka wa 1994 na 1997 sotoka ilizuka Tsavo na hata katika Mbuga ya Nairobi. Safari hii ng'ombe hawakuugua sana. Ugonjwa ulipita ndani yao polepole kama mafua, na wenye ng'ombe hawakushtuka. Lakini nyati walikufa, na tandala walipofuka macho wakawa wanajigonga porini. Wanyama wa porini ndio waliotuambia kwamba ugonjwa ungali umo katika mifugo yetu.

Mgonjwa wa mwisho aliyethibitishwa duniani alikuwa nyati wa Mbuga ya Meru, mwaka wa 2001. Baada ya hapo ilibidi jambo moja gumu lifanyike, nalo ni kuacha kuchanja. Utauliza, kwa nini? Kwa sababu damu ya ng'ombe aliyechanjwa inafanana na ya ng'ombe aliyeugua akapona. Ili kuwa na hakika, ilipasa kupima ndama wasiochanjwa na nyati wachanga. Wakikutwa hawana alama yoyote ya sotoka katika damu, basi kirusi hakipo. Wataalamu walipima na kungoja kwa miaka kumi kabla ya kutangaza.

TULIYOYAONA MWAKA 2020

Tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana Kenya. Shule zikafungwa, kafyu ikaanza tarehe 27 Machi, na mwezi wa Aprili njia za kuingia na kutoka Nairobi zikafungwa. Masoko mengi yalifungwa, na wakulima wengi walimwaga maziwa au wakaona kabeji zikiozea shambani. Mwaka uliofuata ikaja chanjo, na pamoja nayo uvumi wa kila namna. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021.

Watu wengi walisema mambo hayo ni mageni. Mwenye ng'ombe hakupaswa kuyaona mageni. Kuzuia safari, kutenga mgonjwa, kibali mkononi, sindano, maneno ya sokoni kwamba sindano itadhuru: yote hayo yalipita katika mazizi yetu kabla ya kupita katika nyumba zetu. Na jibu ni lile lile. Serikali ina kazi yake ya kuleta dawa iliyo salama, kusema kweli, na kuweka amri ambayo mtu wa chini anaweza kuifuata bila kulala njaa. Raia ana kazi yake ya kutoa habari mapema na kutoficha. Upande mmoja ukiacha kazi yake, upande wa pili hauwezi kuufanyia.

NA WEWE SHAMBANI MWAKO

Sotoka imekwisha, lakini ugonjwa wa miguu na midomo upo, homa ya mapafu ipo, kimeta kipo. Tena kuna sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo ni ndugu wa ile ya ng'ombe. Iliingia Turkana mwaka wa 2006 na kuua mbuzi wengi, na mataifa yamekusudia kuifukuza duniani kufika mwaka wa 2030. Basi yafuatayo yanakuhusu:

1. Ukinunua ng'ombe, usimchanganye na wako siku ile ile. Mweke peke yake majuma matatu, na ndoo yake mwenyewe ya maji. Mhudumie wa mwisho, baada ya wale wa zamani.

2. Omba kibali kabla ya kusafirisha mnyama. Kibali kinaonyesha mnyama ametoka wapi, na ugonjwa ukizuka, daktari atajua pa kwenda.

3. Ukiona mate yanayochuruzika, vidonda mdomoni au kwato, au wanyama wawili watatu wanaugua pamoja, mwite afisa wa mifugo siku hiyo hiyo. Sheria inataka hivyo. Usingoje uone kama watapona.

4. Usiuze mgonjwa. Fedha utakazopata ni za mnyama mmoja, na hasara utakayoipeleka ni ya kijiji kizima. Jirani yako akipata ugonjwa huo, utarudi kwako kupitia uani.

5. Wachanje wote, na uandike tarehe katika daftari. Kumbuka kwamba si kila chanjo ni kama ile ya Muguga. Chanjo ya miguu na midomo haidumu, na hurudiwa kila miezi sita. Mtu anayechanja mara moja na kuacha, halafu akasema dawa ni mbovu, amefanya kosa lile la miaka ya 1970.

6. Ukiwa na shaka juu ya chanjo, uliza barazani mbele ya daktari. Ni haki yako kujua ni dawa gani, ya ugonjwa gani, na mnyama atafanyaje baada ya sindano. Kuuliza ni bora kuliko kuficha ng'ombe kichakani siku ya kuchanja. Yule mmoja aliyefichwa ndiye ugonjwa unayemtafuta.

Tulisema hapo mwanzo kwamba sotoka ilihitaji kupata mnyama mpya kila mara. Ilikufa siku ilipotafuta ng'ombe asiye na kinga na isimwone. Hakuna mtu mmoja aliyefanya kazi hiyo. Ilifanywa na mtaalamu wa Muguga na chupa zake, na mchanjaji aliyetembea jua kali, na mzee aliyesema kweli alipoulizwa, na maelfu ya wafugaji ambao majina yao hayakuandikwa mahali, walioleta ng'ombe wao wote, pamoja na ndama aliyezaliwa juzi.

Siku afisa wa mifugo atakapotangaza siku ya kuchanja katika skimu yako, fika mapema, na umlete ndama wako pia.